Wekundu Si Mmoja: Historia ya Rangi Ngeni katika Picha Zinazochapwa Rumonge

Utangulizi

Swali linaloulizwa sana katika maduka ya kuchapa picha ni hili: "Mbona imetoka nyekundu?" Wakati mwingine ni manjano, wakati mwingine ni kijani au buluu, lakini lalamiko ni lile lile. Kuna rangi iliyotandaa juu ya picha nzima na hakuna aliyeitaka. Katika makala haya nitaiita rangi ngeni. Nitaeleza inakotoka, nikifuata historia ya upigaji picha na kazi ya kila siku ya kuchapa picha za kidijitali mjini Rumonge. Hoja yangu ni kwamba rangi ngeni ina vyanzo vingi, kila kimoja na zama zake, na anayetaka kuiondoa lazima kwanza ajue ni ya zama zipi. Picha mbili zinaweza kuwa nyekundu kwa kiasi kile kile, na dawa ya moja ikaiharibu nyingine.

Nimetegemea maandishi ya historia ya picha, na pia kazi ninayoifanya wakati wa likizo katika duka la mjomba wangu hapa Rumonge. Tunatoa nakala, tunapiga picha za karangamuntu na za paspoti, tunachapa picha za harusi kutoka kwenye simu. Kazi inayoongezeka ni ya picha za zamani: mteja analeta picha ya karatasi, tunaiskani, tunairekebisha kwenye kompyuta, kisha tunaichapa upya.

Rumonge na thamani ya picha moja

Rumonge iko kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Nyanza-Lac. Ni mji wa mawese na samaki. Kiswahili kilipata nguvu hapa katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, na mpaka leo kinasikika sokoni, misikitini na bandarini sambamba na Kirundi. Mashua zinakwenda Kigoma, na nyingine zinavuka kwenda upande wa Kongo, Baraka na Uvira.

Msomaji asiyeijua historia ya mwambao huu anaweza kudhani kwamba suala la rangi ya picha ni la urembo tu. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Kisasi cha jeshi na serikali kilienea nchi nzima kwa miezi kadhaa na kuwaua Wahutu wengi zaidi. Makadirio mengi yanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Wakazi wengi wa mwambao walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi hao na wazao wao. Wengine walikuwa wamekwisha kurudi Burundi, hasa kuanzia mwaka 2008, wakakuta mashamba na michikichi yao ikiwa mikononi mwa watu wengine.

Familia zilizopita njia hiyo zina picha chache. Baadhi zina moja tu: picha ndogo iliyobanduliwa kwenye kitambulisho, au picha ya harusi iliyosafiri ndani ya Kurani, Biblia au sanduku la bati. Kisha katika miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda. Mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba nyingi za ufukweni, na picha zilizolowa zikagandamana. Mtu anayeleta dukani picha pekee ya baba yake anataka uso anaoukumbuka. Rangi ngeni ikibaki, au ikiondolewa vibaya, nakala itakayotundikwa ukutani ndiyo wajukuu watakayoijua.

Zama za madini ya fedha

Picha nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zinazoletwa kwetu ni nyeusi na nyeupe. Picha hizo hazina rangi hata kidogo. Weusi wake ni chembe za madini ya fedha zilizobaki kwenye karatasi baada ya kusafishwa kwa dawa. Zikizeeka zinaweza kuwa za kahawia, hasa kama dawa ya mwisho haikuoshwa vizuri au picha imekaa penye unyevu, jambo la kawaida karibu na ziwa.

Ajabu ni kwamba picha hizi ndizo zinazotoka dukani zikiwa na ukijani au uwaridi wa kushangaza. Sababu ni ya leo. Printa ya rangi haina wino wa kijivu, isipokuwa zile za bei kubwa. Hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa sayani, majenta na manjano pamoja na kiasi cha wino mweusi. Mchanganyiko huo ukiyumba kidogo tu, jicho linagundua. Katika picha ya harusi yenye vitenge vya rangi kumi, kosa dogo hujificha. Katika uso wa kijivu hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo rangi ngeni ya picha nyeusi na nyeupe haitibiwi kwa kuvuta rangi huku na huku. Kwanza picha iliyoskaniwa hubadilishwa kuwa ya kijivu kitupu, ili kahawia la uzee liondoke kabisa. Pili, printa huelezwa aina halisi ya karatasi iliyomo. Tatu, kama ukijani bado upo, printa huamriwa kutumia wino mweusi peke yake, ijapokuwa chembechembe zitaonekana zaidi. Mwisho picha hupelekwa mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Wino uliochanganywa unaweza kuonekana wa kijivu safi mchana na wa kijani chini ya taa ya tyubu, kwa sababu taa hiyo haina rangi zote za jua kwa uwiano ule ule. Nimeona mteja akikataa picha ndani ya duka na kuikubali barazani.

Zama za wastani na za Shirley

Filamu ya rangi ya kutolea picha za karatasi, Kodacolor, iliingia sokoni Marekani mwaka 1942. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo picha za fedha hazikuwa nalo: rangi sahihi ni ipi? Negativu haisemi. Anayeisafisha lazima aamue ni kiasi gani cha kila rangi kiingie kwenye karatasi.

Majibu mawili yalitolewa, na yote mawili yanatuhusu. La kwanza lilitoka kwa Ralph Evans, mtaalamu wa Kodak, katika miaka ya 1940. Aliona kwamba ukichanganya rangi zote za picha ya kawaida ya nje, wastani wake hukaribia kijivu. Basi mashine inaweza kupima wastani wa kila negativu na kuusukuma kuelekea kijivu bila kumsubiri binadamu. Wazo hilo liliwezesha picha kusafishwa kwa maelfu kwa saa. Lilifika mpaka katika mashine ndogo za kusafishia, ambazo kampuni ya Noritsu ya Japani ilianza kuziuza katika miaka ya 1970, na ambazo baadaye zilienea katika miji ya Afrika Mashariki.

Lakini wastani una udhaifu wake. Picha ikijaa rangi moja, mashine huiona rangi hiyo kuwa kosa na kuongeza rangi ya upande wa pili. Bibi harusi aliyesimama mbele ya shamba la michikichi, kijani kikiwa kimejaa kila upande, hutoka na uso wenye majenta. Watoto waliopigwa picha kwenye uwanja wa udongo mwekundu hutoka wakielekea sayani, kama wagonjwa. Picha za aina zote mbili zipo katika albamu za hapa. Waliopigwa walidhani mpiga picha hakujua kazi, kumbe mashine ilikuwa inatekeleza kanuni iliyobuniwa kwa mandhari za kwingine. Kamera ya simu nayo, inapojipangia weupe yenyewe, inaweza kujikwaa katika jambo hilo hilo.

Jibu la pili lilikuwa kadi. Hadi mwaka 1954 Kodak ilikuwa ikiuza filamu ya rangi nchini Marekani pamoja na gharama ya kuisafisha. Mwaka huo serikali ya Marekani iliilazimisha kuvitenganisha, na maabara za watu binafsi zikaingia kazini. Ili rangi za maabara hizo zilingane, Kodak ilizipelekea picha ya kulinganishia: mwanamke Mzungu aliyevaa nguo za rangi zinazotofautiana vizuri. Kadi hiyo ikaitwa Shirley, na kila aliyekuja baada ya mwanamitindo wa kwanza akabaki na jina hilo. Fundi alichapa negativu ya kadi, akarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ilipotoka sawasawa, kisha akaendelea na picha za wateja wote.

Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ameeleza matokeo yake. Filamu na mashine zilizopimwa kwa ngozi nyeupe zilishindwa kutofautisha vivuli vya ngozi nyeusi. Ameonyesha pia kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi ilikuja katika miaka ya 1990.

Kwa fundi wa leo, funzo ni la kikazi kabisa. Picha ya mwaka 1980 inaweza kuwa na rangi ngeni iliyoingia siku ile ile iliposafishwa, kabla haijazeeka hata siku moja. Katika picha za namna hiyo vivuli vya nyuso huwa vimezama gizani, na hakuna kitufe cha kurudisha kisichokuwapo. Fundi anayelazimisha hupata uso wa rangi ya majivu.

Wekundu wa kuzeeka

Wekundu unaotusumbua zaidi ni wa picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980. Picha ya rangi ya karatasi haina madini ya fedha. Fedha huondolewa wakati wa kusafisha na kinachobaki ni matabaka matatu ya rangi: sayani, majenta na manjano. Rangi hizo hazifi kwa mwendo mmoja. Katika karatasi nyingi za miaka hiyo sayani ilikuwa dhaifu kuliko nyingine hata gizani, ndani ya albamu au sanduku, na joto na unyevu viliharakisha kufa kwake. Sayani ikiondoka, majenta na manjano hubaki zikitawala, na zikikaa pamoja huonekana nyekundu. Katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji walianza kutoa karatasi zenye sayani imara zaidi. Hivyo picha ya mwaka 1978 inaweza kuwa nyekundu kabisa, na ya mwaka 1992 kutoka familia ile ile ikawa nzima. Picha zilizotundikwa ukutani zina hadithi tofauti, kwa kuwa mwanga hushambulia zaidi rangi nyingine, hasa majenta.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Fundi anaona wekundu, anafungua programu, anapunguza rangi nyekundu kwa picha nzima. Nywele zinaanza kuwa nyeusi, lakini shati jeupe linakuwa la kijani. Akirudisha, shati linapona na nywele zinawaka tena. Anazunguka hivyo kwa nusu saa.

Njia sahihi inafuata sababu. Picha ya kidijitali ina matabaka matatu ya mwanga: jekundu, kijani na buluu. Kazi ya sayani kwenye karatasi ilikuwa kuzuia mwanga mwekundu. Ilipokufa, mwanga mwekundu ulianza kupenya hasa mahali palipotakiwa kuwa na giza: kwenye nywele, mboni za macho, viatu. Kwa hiyo kinachorekebishwa ni upande wa giza wa tabaka jekundu. Unashushwa mpaka nywele ziwe nyeusi, huku upande wa mwanga ukiachwa ulipo. Baada ya hapo hutazamwa ukingo mweupe wa picha. Ukiwa wa manjano, hiyo ni doa la karatasi yenyewe, tatizo la pili lisilohusiana na kufa kwa sayani, na dawa yake iko upande wa mwanga wa tabaka la buluu. Kila tabaka hupimwa peke yake, gizani kwanza, kisha kwenye mwanga.

Mama mmoja aliyekulia Mishamo alituletea picha ya namna hiyo: wazazi wake wamesimama mbele ya nyumba, kila kitu kikiwa na rangi ya tofali. Tulipolitengeneza tabaka jekundu, kitenge cha mama yake kilitoka na buluu ambayo yeye hakuwahi kuiona kwenye picha ile, ingawa alikikumbuka kitambaa chenyewe.

Zama za wino wa tangi

Sasa tuje kwenye printa. Tangu mwaka 2010, Epson ilipoanza kuuza printa za tangi nchini Indonesia, mashine za aina hiyo zimekuwa kipenzi cha maduka madogo kwa sababu wino hununuliwa kwa chupa. Nafuu hiyo imeleta rangi ngeni za kwake.

Kila printa ina faili inayoeleza wino fulani utaonekanaje kwenye karatasi fulani. Utaratibu wa faili hizo uliwekwa na shirika la ICC, lililoundwa mwaka 1993 na kampuni nane, na mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft wakapendekeza sRGB kuwa lugha ya pamoja ya rangi kwenye skrini. Mpango wote huo unadhani kwamba fundi anatumia wino na karatasi vilivyotajwa. Akimimina wino wa kampuni nyingine, ambao ndio anaoupata sokoni, faili inatoa maelezo ya wino usiokuwapo. Kuna pia kosa la kupanga rangi mara mbili: programu inapanga rangi, na printa inapanga tena juu yake. Matokeo yake mara nyingi ni majenta juu ya picha nzima. Tiba ni kuzima mmojawapo. Na kuna sababu ndogo kuliko zote: printa ikikaa bila kazi, tundu za wino hukauka, sayani haitoki, na picha inakuwa nyekundu kama ya mwaka 1978. Ndiyo maana karatasi ya majaribio ya tundu hutangulia kila kitu. Inachukua dakika moja.

Hata picha iliyotoka vizuri inaweza kugeuka. Mwaka 2000 wanunuzi wa printa ya Epson Stylus Photo 870 waliona picha zao zikiwa za rangi ya chungwa baada ya muda mfupi. Ilibainika kwamba hewa ya ozoni ilikuwa inaiua sayani ya wino kwenye karatasi ile. Kuweka picha nyuma ya kioo au ndani ya mfuko kunaizuia hewa.

Nani anasema rangi ni sahihi?

Vitabu vinashauri kutafuta kitu cheupe au cha kijivu ndani ya picha na kukifanya kipimo. Ushauri ni mzuri, ila mwambao huu unahitaji tahadhari. Kitu cheupe kinachopatikana kwa urahisi katika picha za hapa ni kanzu, na kanzu za zamani zilisuuzwa kwa maji ya bluu ili zing'ae. Hazikuwa nyeupe kamili. Zilikuwa na ubuluu uliotakiwa. Ukiiambia kompyuta kwamba kanzu hiyo ni nyeupe, itauondoa ubuluu, na uso wa mvaaji utakuwa wa manjano. Kipimo kinachofaa zaidi ni kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukipamba: saruji, bati lililochakaa, ndagala walioanikwa. Mawese ndani ya chupa nayo yanasaidia, kwani kila mtu wa Rumonge anajua yanavyotakiwa kuonekana.

Ngozi ndiyo jambo zito. Maduka mengi yana mazoea ya kuong'arisha uso wa mteja bila kumwuliza. Kwa picha ya paspoti mteja anaweza kukataa palepale, maana uso wake anao. Marehemu hawezi. Yule mama wa Mishamo alipoona rasimu ya kwanza alimwambia mjomba, "Mwanangu, baba hakuwa mweupe hivi. Huyu ni mwingine." Mjomba aliiteremsha rangi mara mbili mpaka akasema imetosha. Naona ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko kadi yoyote, ingawa nao una mipaka yake: kumbukumbu ya miaka 40 huweza kuchanganya baba na picha yake. Kwa sababu hiyo tunahifadhi faili iliyoskaniwa kama ilivyo, na wekundu wake wote, kando ya ile iliyorekebishwa, na mteja hupewa zote mbili. Atakayekuja na ushahidi bora, au na chombo bora, awe na pa kuanzia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha vyanzo vitano vya rangi inayoweza kuonekana kuwa moja: kijivu kilichochanganywa vibaya na printa, wastani wa mashine ya kusafishia, kadi iliyopimwa kwa ngozi ya mwingine, kufa kwa sayani katika karatasi ya zamani, na wino usiolingana na faili yake. Fundi anayeuliza picha ilisafishwa lini, ilihifadhiwa wapi na imechapwa kwa wino gani amekwisha kufanya nusu ya kazi kabla hajagusa kompyuta. Maswali hayo ni ya mwanahistoria. Ningependa wenzangu wa fani hii waende katika maduka ya picha ya miji yao, Bujumbura, Kigoma, Uvira, waandike ni picha zipi zinaletwa na zina rangi gani, kabla sayani iliyobaki haijaisha.